Kinundu Shingoni: Lini Upime, Lini Uache, na Uulize Nini Kabla ya Kisu

Mtu anakwenda kupigwa picha ya mishipa ya shingo kwa sababu ya kizunguzungu, au analipia ile huduma ya kupima mwili mzima inayotangazwa na hospitali za mijini, kisha anatoka na karatasi inayosema kwamba kwenye tezi yake ya shingo kuna kinundu cha milimita 6. Hajawahi kukihisi wala hakimuumi, lakini usiku huo halali. Mwingine, huko kijijini, amebeba uvimbe shingoni kwa miaka minane. Unaonekana hata akiwa ng'ambo ya barabara, na majirani humwambia ni rovu tu, halina neno. Huyu analala vizuri. Nawaandikia wote wawili, kwa sababu mara nyingi wamebadilishana hofu: anayepaswa kuharakisha ametulia, na anayeweza kutulia anakimbizwa kwenye chumba cha upasuaji.

Tuanze na tezi yenyewe. Weka vidole mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo, kulia na kushoto ya njia ya hewa, pana tezi yenye vipande viwili vilivyounganishwa katikati. Ndiyo tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu na kuuongoza mwili: kasi ya moyo, joto, uzito, hedhi, hata ukuaji wa akili ya mtoto. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji madini joto, ambayo Wakenya wengi huyaita iodini. Yakipungua kwenye chakula, tezi hujitanua ikijaribu kuyakamata machache yaliyopo, na hapo ndipo goita, au rovu, linapotokea. Ndiyo sababu chumvi ya dukani huongezwa madini joto, na ndiyo sababu goita lilikuwa jambo la kawaida kwenye nyanda za juu za Tanzania kabla chumvi hiyo haijasambazwa katika miaka ya 1990.

Kinundu ni kitu tofauti kidogo. Goita ni tezi nzima kuvimba, ilhali kinundu ni donge ndani ya tezi, liwe moja au mengi, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Je, kila kinundu ni saratani? Hapana, na hili ulishike kabla ya kusoma zaidi. Daktari akipapasa kwa vidole, huvikuta vinundu kwa takriban wanawake 5 kati ya 100 na mwanamume 1 kati ya 100. Ila akitumia ultrasaundi, yaani mashine ya mawimbi ya sauti kama ile wanayopimiwa wajawazito, huvikuta kwa watu kuanzia 19 hadi 68 kati ya 100, kutegemea umri wao na ubora wa mashine. Wanawake na wazee huwa navyo zaidi. Kati ya vinundu vyote hivyo, takriban tisa katika kila kumi si saratani. Ni mifuko ya maji, au sehemu za tezi zilizojikunja na kukua kivyake.

Na hata ile iliyo saratani haina sura moja. Aina inayopatikana zaidi huitwa papilari. Kwa kawaida hukua polepole sana, na wengi wanaotibiwa hupona. Ya pili ni folikula, ambayo huonekana zaidi katika maeneo yenye upungufu wa madini joto na hupenda kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa na mapafu. Ya tatu, medula, ni ya wachache, na takriban robo ya wanaoipata wameirithi kwenye ukoo. Ya nne ni anaplastiki, ambayo ni nadra, huwapata hasa wazee, na ni kali mno: uvimbe hukua kwa wiki, si kwa miaka, na hubana koo. Watu wawili wanaweza kuambiwa wana "saratani ya tezi ya shingo" huku mmoja akiwa na ugonjwa ambao usingemsumbua maisha yake yote, na mwenzake akiwa na ugonjwa wa dharura. Kwa hiyo usitoke chumba cha daktari bila kujua ni aina ipi, na ina ukubwa gani.

Sasa, kwa nini siku hizi tunausikia ugonjwa huu kuliko zamani? Sababu kubwa ni vipimo. Zamani kinundu kiligunduliwa kwa mkono wa daktari au kwa jicho la mama mkwe. Kilipaswa kuwa kikubwa cha kutosha ndipo kionekane. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Sweden walianza kuvuta chembechembe za tezi kwa sindano nyembamba na kuzitazama kwa darubini, badala ya kumpasua mgonjwa ili tu wajue ana nini. Miongo michache baadaye ultrasaundi ikaenea, ikawa kali mwaka hadi mwaka, mpaka sasa inaona kitu cha milimita 2. Zikaja na picha za CT, zinazopigwa kwa ajili ya ajali au mapafu lakini zinaionyesha na shingo. Nchini Marekani, mwaka 1975 waliogunduliwa kuwa na saratani hii walikuwa takriban 5 kati ya kila watu 100,000. Kufikia 2009 walikuwa zaidi ya 14. Idadi karibu mara tatu! Lakini waliokufa kwa ugonjwa huo walibaki palepale, takriban mtu mmoja kati ya kila 200,000, mwaka baada ya mwaka.

Fikiria mvuvi aliyeacha wavu wa macho makubwa akachukua wa macho madogo. Ndoo yake itajaa dagaa, lakini bahari haikuzaa samaki zaidi. Kama ugonjwa wenyewe ungekuwa umeongezeka mara tatu, vifo navyo vingepanda. Na kama kugundua mapema kungekuwa kunaokoa watu wengi, vifo vingeshuka. Havikupanda, havikushuka.

Nchi iliyolionyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni Korea Kusini, na inafaa tuitazame kwa makini, kwa sababu yaliyotokea kule yanaanza kupiga hodi kwenye miji yetu. Mwaka 1999 serikali yao ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapima wananchi saratani, kama ya matiti na ya mlango wa kizazi. Tezi ya thairoidi haikuwamo. Lakini hospitali na kliniki zikawa zinawaongezea wateja ultrasaundi ya shingo kwa malipo ya dola 30 hadi 50 za Marekani. Ni pesa kidogo kwa Mkorea, kipimo hakiumi, na nani asiyetaka kuwa na uhakika? Kufikia 2011, waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya wale wa mwaka 1993. Saratani ya thairoidi ikawa ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini humo kuliko nyingine yoyote: mwaka huo mmoja zaidi ya watu 40,000 waliambiwa wanayo. Waliokuwa wakifa nayo kwa mwaka walikuwa kati ya 300 na 400, na idadi hiyo haikubadilika.

Karibu wote waliogunduliwa walitibiwa, na thuluthi mbili walitolewa tezi nzima. Hapo ndipo hasara inapoonekana. Rekodi za bima za zaidi ya Wakorea 15,000 waliopasuliwa zilionyesha kwamba takriban 11 kati ya 100 waliharibikiwa tezi ndogo nne zilizo nyuma ya thairoidi, zile zinazosimamia madini ya kalsiamu mwilini, na 2 kati ya 100 walipooza mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Mwalimu aliyepoteza sauti, au mama anayemeza vidonge vya kalsiamu kila siku huku vidole vikimfa ganzi, amelipa gharama halisi. Ikiwa kinundu chake kilikuwa cha milimita 5 na kisingekua kamwe, amelipa bila kununua chochote. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa Korea lilijitokeza hadharani likawasihi watu waache kupimwa tezi hiyo bila dalili. Watu walisikia. Katika mwaka mmoja upasuaji wa tezi ulipungua kwa zaidi ya thuluthi moja.

Utauliza: inawezekanaje mtu akae na saratani na isimdhuru? Mwaka 1985 wataalamu wa Finland walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tezi za maiti 101. Walizikata vipande vyembamba na kuzitazama kwa darubini, na katika 36 walikuta vijisaratani vidogo vya papilari, vingi vikiwa vidogo kuliko punje ya mchele. Watu hao waliishi navyo bila kujua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba katika nchi 12 zenye uwezo, kwa miongo miwili, wanawake wapatao 470,000 na wanaume 90,000 walipewa jina la mgonjwa wa saratani ya tezi hii ilhali ugonjwa huo usingewasumbua kamwe.

Sikwambii haya ili uidharau saratani. Huku kwetu hospitali za rufaa bado hupokea wagonjwa waliochelewa, wenye uvimbe mkubwa unaobana pumzi, na saratani ya folikula na anaplastiki ambazo haziwezi kusubiri. Shida yetu ina ncha mbili, na ushauri unaofaa ncha moja unaumiza ukiupeleka kwenye nyingine. Basi tuzitenganishe.

Kwanza, wewe usiye na uvimbe wala dalili. Je, ulipie ultrasaundi ya shingo kwa sababu tu imo kwenye orodha ya vipimo vya mwili mzima? Jibu langu ni hapana. Jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu vipimo vya kinga lilitoa msimamo huo mwaka 2017: watu wazima wasio na dalili wasipimwe saratani ya thairoidi, kwa kuwa madhara yanazidi faida. Kama unazo pesa za vipimo, peleka kwanza kwenye shinikizo la damu, sukari, na kwa mwanamke mlango wa kizazi. Faida ya hivyo iko wazi zaidi. Ndugu zetu walioko Ghuba, Ulaya au Amerika, ambao kazini huletewa vipimo kwa jumla, wanaweza kusema tu kwamba hicho cha shingo hawakihitaji.

Wapo wachache ambao hali yao ni tofauti, hata kama hawahisi kitu. Mtu aliyepigwa mionzi ya tiba kichwani au shingoni akiwa mtoto ni mmoja wao, kwani mionzi utotoni ni sababu inayojulikana vizuri ya saratani hii; baada ya ajali ya mtambo wa Chernobyl mwaka 1986, watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi waliugua kwa maelfu. Mwingine ni mwenye mzazi, ndugu wa damu au mtoto aliyepata saratani ya medula. Huyu amwone daktari bingwa, kwa sababu kipo kipimo cha damu cha kuona kama amerithi. Watoto wenye kinundu nao hawaingii kwenye ushauri wa kutulia. Kwao uwezekano wa saratani ni mkubwa kuliko kwa mtu mzima.

Pili, wewe mwenye uvimbe unaouona au kuushika. Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji huku ukitazama chini ya kikoromeo. Uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza kwa kawaida uko kwenye tezi ya thairoidi. Ukiuona, nenda kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, hata kama hauumi. Kutouma si dalili njema wala mbaya. Nenda wiki hii hii, usingoje mwisho wa mwezi, kama uvimbe umekua kwa kasi ndani ya wiki au miezi michache, kama sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, kama chakula kinakwama, kama unashindwa kupumua ukilala chali, au kama kuna matezi magumu yaliyojitokeza pembeni mwa shingo. Rovu la miaka mingi lililokuwa limetulia kisha likaanza kukua ghafla upande mmoja nalo ni la wiki hii hii, hasa kwa mzee. Na yeyote anayetaka kukuchanja chale juu ya uvimbe huo, au kuuchoma, mkatalie. Hapo chini inapita mishipa mikubwa ya damu.

Kituoni watafanya nini? Watakuuliza historia yako, watakupapasa, kisha watachukua damu kwa kipimo kiitwacho TSH, kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Hapa wengi hupotea. Majibu yakirudi salama, hushangilia kwamba hawana saratani. Kipimo hicho hakipimi saratani. Wengi wenye saratani ya thairoidi wana homoni za kawaida kabisa. Kwa hiyo baada ya damu bado unahitaji ultrasaundi, na kama hospitali ya wilaya haina mtaalamu wa kuitazama shingo, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda. Kwa Kenya, hospitali ya rufaa ya kaunti.

Ripoti ya ultrasaundi isikutishe. Tafuta humo mambo matatu. La kwanza ni ukubwa. La pili ni umbile: kinundu chenye maji matupu au chenye vitundu kama sifongo kwa kawaida hakina neno, ila kilicho kigumu chote, cheusi kuliko tezi inayokizunguka, chenye kingo zisizo nyoofu, chenye chembe ndogo nyeupe zinazometameta, au kilicho kirefu kutoka mbele kwenda nyuma kuliko upana wake, kinatia shaka. La tatu ni alama iitwayo TIRADS, kuanzia 1 hadi 5, ambayo hujumlisha sifa hizo: 1 na 2 hazihitaji sindano, 5 ndiyo yenye shaka kubwa. Kwa mfumo unaotumika sana, ambao Wamarekani waliutoa mwaka 2017, chenye alama 5 huchomwa sindano kikifika sentimita 1, chenye 4 kikifika sentimita 1 na nusu, na chenye 3 kikifika 2 na nusu. Kwa maneno mengine, kile kinundu cha milimita 6 tulichoanza nacho, kwa mtu mzima asiye na dalili nyingine, kwa kawaida hakichomwi hata sindano. Hurudiwa kutazamwa baadaye. Kama ripoti yako haina ukubwa wala alama, mrudie daktari wa picha umwombe aviandike.

Sindano yenyewe wengi huiogopa bure. Hulazwi wala hukatwi. Unalala chali, shingo imeinuliwa kwa mto, daktari anaingiza sindano nyembamba kama ya kuchomea dawa, mara nyingi akiongozwa na ultrasaundi, anavuta chembechembe na kuzipaka kwenye kioo kwa ajili ya maabara. Ni dakika chache. Sindano haisambazi saratani. Hilo ni neno la vijiweni ambalo limewachelewesha wengi. Mwambie daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kabla hujaondoka uliza mambo mawili: sampuli inasomwa na daktari wa patholojia wa hapa au inasafirishwa, na majibu yatatoka siku gani. Andika namba ya sampuli yako, maana vioo hupotea njiani.

Majibu huja kwa mfumo unaoitwa Bethesda, kwa jina la mji wa Marekani ambako wataalamu walikutana mwaka 2007 kuupanga. Una ngazi sita. Ya 1 ina maana chembe hazikutosha, sindano irudiwe. Usiihesabu kuwa jibu. Ya 2 ni salama. Ya 3 na ya 4 ni katikati: huenda ndiyo, huenda siyo, na hapa ndipo watu hupelekwa kisuni haraka mno, ilhali kwa ngazi ya 3 mara nyingi sindano ya pili hutoa jibu. Ya 4 ni ngumu zaidi, kwa kuwa saratani ya folikula haiwezi kutofautishwa na uvimbe salama kwa chembe peke yake. Lazima donge zima litazamwe, kwa hiyo upasuaji wa nusu ya tezi mara nyingi una sababu. Ya 5 ni shaka kubwa, na ya 6 ni saratani.

Tuseme jibu ni 6, papilari. Moyo utaruka, ni kawaida. Lakini isipokuwa uvimbe unabana pumzi au ni ile aina kali, una wiki kadhaa za kufikiri, na hazitakugharimu kitu. Keti na daktari na mtu wako wa karibu anayeandika, umuulize haya bila haya.

Je, ni lazima kukata sasa? Kwa kinundu cha papilari kisichozidi sentimita 1, kilicho ndani ya tezi, mbali na njia ya hewa na mshipa wa sauti, bila matezi ya shingo yaliyovimba, kuna njia ya kukichunga. Ilianzia Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Japani, mwaka 1993, kwa pendekezo la daktari Akira Miyauchi. Badala ya kukata, walimtazama mgonjwa kwa ultrasaundi kila baada ya muda. Katika taarifa yao ya mwaka 2014 kuhusu wagonjwa 1,235, baada ya miaka 10 ni takriban 8 kati ya 100 ambao kinundu chao kilikua kwa milimita 3 au zaidi, na pungufu ya 4 kati ya 100 ambao saratani ilifika kwenye matezi ya shingo. Kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 saratani ilikua kwa nadra kuliko kwa vijana. Waliohitaji kisu baadaye walipasuliwa na kupona, na hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Masharti yake ni mawili: uwe mtu wa kurudi kliniki bila kukosa, na uwe karibu na mtu anayeijua vizuri ultrasaundi ya shingo. Kama unaishi mbali na huna nauli ya kurudi kila miezi sita, upasuaji unaweza kuwa uamuzi bora kwako, na hilo si kosa.

Je, nusu ya tezi inatosha? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 ulikubali kutoa nusu kwa saratani za papilari na folikula zenye hatari ndogo hadi sentimita 4. Anayebaki na nusu ana nafasi nzuri ya kutohitaji vidonge, na tezi zile nne za kalsiamu hazihatarishwi zote. Je, daktari wa upasuaji amezoea tezi hii? Utafiti unaonyesha madhara hupungua kwa wapasuaji wanaofanya zaidi ya 25 kwa mwaka. Kumuuliza si utovu wa adabu. Je, nitahitaji iodini yenye mionzi baadaye? Hii ni dawa ya kumeza inayokwenda kuua mabaki ya tezi. Kwa saratani yenye hatari ndogo, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasiopewa dawa hiyo waliendelea vizuri sawa na waliopewa katika miaka mitatu. Kwa saratani iliyosambaa inahitajika sana. Tanzania hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kenya, uliza kitengo cha tiba ya nyuklia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwanamke mjamzito haimezi kamwe, na anayenyonyesha lazima aachishe kwanza.

Kuhusu pesa, panga ukijua hivi: damu na ultrasaundi ndivyo vya bei ndogo, sindano na maabara hufuata, upasuaji na kulazwa ni mzigo mkubwa, na iodini ya mionzi huongeza siku za kukaa peke yako na nauli ya mjini. Hospitali ya serikali kwa kawaida ni nafuu kuliko ya binafsi kwa kipimo kilekile, kwa hiyo unaweza kuulizia bei dirisha la malipo la sehemu mbili kabla ya kulipa. Mwenye kadi ya bima ya NHIF kwa Tanzania, au aliyejisajili SHA kwa Kenya, aulize mapema ni kipi kinalipiwa na kama kinahitaji kibali kabla ya siku ya upasuaji. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kabla ya kuuza shamba. Na kuna gharama ambayo watu husahau kuihesabu: aliyetolewa tezi nzima atanunua vidonge vya levothairoksini maisha yake yote, na kupima damu angalau mara moja kwa mwaka.

Vidonge hivyo vina utaratibu wake. Meza asubuhi na maji matupu, tumbo likiwa tupu, ngoja nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali navyo kwa saa nne. Usiache kwa kuwa unajisikia vizuri; unajisikia vizuri kwa sababu unameza. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji, ukihisi ganzi au kama vijidudu vinatembea midomoni na kwenye ncha za vidole, au misuli ikikaza, rudi hospitali siku hiyo hiyo: ni kalsiamu imeshuka, na inarekebishwa. Mwanamke akishika mimba aende kliniki mapema na awaambie hana tezi, kwa kuwa dozi yake kwa kawaida huhitaji kuongezwa tangu wiki za mwanzo, na mtoto tumboni anaitegemea homoni hiyo kujenga ubongo.

Na wewe mwenye kinundu cha milimita 6, usiichane ile ripoti. Iweke kwenye bahasha pamoja na picha zake, uandike tarehe ya kurudia aliyokupa daktari, ambayo mara nyingi huwa mwaka mmoja au zaidi, na ukienda tena umwombe alinganishe kipimo kipya na cha zamani, milimita kwa milimita. Badiliko la milimita 1 linaweza kuwa tofauti ya mkono wa mpimaji tu. Kinundu kikiongezeka milimita 3 au zaidi, au ukiona tezi ngumu pembeni mwa shingo, au sauti ikibadilika, usingoje tarehe.